Turubai la Ufuta Kiwanjani

Mwanangu, siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Yalikuwa mavuno ya ufuta, nami ni msichana wa miaka kumi na tisa, mjuaji, nisiyeambilika.

Kijijini kwetu, upande wa Mahege, palikuwa na kiwanja cha ndege cha udongo. Ndege ndogo ilikuja mara mojamoja kuleta dawa za zahanati. Siku nyingine kiwanja kilikuwa chetu. Ardhi ngumu, haina nyasi, ukikung'uta ufuta haipotei hata punje. Basi tulitandaza maturubai pale, kijiji kizima, na rubani alitujua. Kila akija alizunguka juu mara moja ili tukunje vyetu na tufukuze mbuzi, ndipo atue. Mzunguko ule tuliuita hodi.

Mlinzi wa kiwanja alikuwa mjomba wangu, Mzee Mkumba. Alinikanya mara nyingi.

"Mpwa wangu, hapa si mahali pa kuanika."

"Kwani mjomba, akija si atapiga hodi?" Nikacheka, na wenzangu wakacheka.

Mazoea yana taabu. Asubuhi hiyo ndege ilitokea upande wa mtoni, chini kuliko kawaida, mlio wake ukikatika kama mtu mwenye kikohozi. Kisha kimya. Wenzangu wakatupa kila kitu wakakimbia. Mimi nikainama kukunja turubai langu, maana hodi ilikuwa bado.

"Acha hilo! Kimbia!" mjomba akapiga kelele.

Nikashika pembe ya pili. Nilipoinua kichwa, ndege ilikuwa mbele yangu, karibu hata nikauona uso wa rubani. Akaipinda. Ikanipita, ikatoka nje ya kiwanja, bawa likagonga mkorosho. Ufuta wangu haukumwagika.

Rubani alifariki kabla hatujamfikisha barabarani. Alikuwa peke yake. Wakaguzi walikuja, wakaifungua injini, wakasema ilizimika akikaribia kutua. Ilikuwa kweli, na hakuna aliyenitaja. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Jioni mjomba akaniita barazani. Nilitaraji matusi. Akasema taratibu tu, "Injini ilimnyima nguvu, mpwa wangu. Njia ulimnyima wewe." Hakulirudia neno lile mpaka siku tulipomzika yeye mjomba.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema, mwanangu, kwamba pengine guu linalovunjika ni la mwingine, wewe ukabaki mzima na miguu yako miwili, ukiulizwa habari ya ufuta unanyamaza. Mpaka leo siukung'uti. Majirani hudhani ni uvivu.

Kwa hiyo nakuusia. Mtu akikuzoesha wema, usiugeuze kuwa haki yako. Anayekupigia hodi kila siku, iko siku hatakuwa na pumzi ya kupiga, na siku hiyo ndiyo atakayohitaji umpishe. Ukiambiwa acha, acha kwanza, uulize baadaye.

Mwenyezi Mungu akupe sikio la kusikia mapema, akuepushe na majuto yasiyo na wa kuombwa radhi. Na ukiinua mikono kuomba dua, mtie na rubani yule. Ulikuwa hujazaliwa, lakini aliponikwepa mimi, alikukwepa na wewe.