Nilimwomba Tajiri Heshima, Akaniletea Mbuzi wa Tatu

Jina la mwenye kisa tunalo sisi wahariri. Ninyi hamlihitaji ili kumshauri.

Kuridhika kazini, kwa maana ninayoikubali, ni kubaki kazini ilhali mlango wa kutokea uko wazi. Anayebaki kwa sababu mlango umefungwa hajaridhika, amezoea tu. Tajiri wangu haijui tofauti hiyo, nami ninamchukia kwa kutoijua.

Nina miaka thelathini na minane, mke na watoto wanne, na ni mtunza stoo katika duka la vipuri vya malori hapa Garissa. Tajiri ni binamu wa marehemu baba yangu, hivyo namwita adeer, yaani baba mdogo. Ukame ulipoimaliza mifugo yetu kule Griftu, alinipa kazi, kisha akaniazima mbuzi wawili wa maziwa. Ndiyo desturi yetu: maziwa ni ya aliyeazimwa, mbuzi na watoto wao ni wa mwenyewe. Na aliyeazimwa hamsemi vibaya mwenye mbuzi. Wafanyakazi wote wa duka lile wana mbuzi wake, na mji mzima unamsifu kwamba hakuna tajiri anayewafurahisha watu wake kama yeye.

Mdomo wake ni habari nyingine. Siku moja nilimpa dereva wa Modogashe mkanda wa feni usioenea injini yake. Tajiri akanguruma mbele ya madereva wote: "Warya, punda wewe! Kichwa hicho ni cha kuvalia kofia tu?" Wakacheka hadi wakashikana mabega.

Wateja walipoondoka nilimfuata. "Adeer, nikikosea nirekebishe ndani ya stoo, si mbele ya watu. Sitaki zaidi ya hapo."

Akanitazama kwa huruma. "Kwani mbuzi wamekauka?"

Asubuhi yake alileta mbuzi wa tatu nyumbani kwangu. Nilimwomba kitu kisichogharimu chochote. Akaona nafuu agharamike kuliko kunipa. Tangu hapo, yeyote anayenung'unika dukani huambiwa na wenzake, "Nyamaza, utaletewa mbuzi."

Sasa shule moja ya Modogashe inanitaka niwe mtunza stoo wao, kwa mshahara ule ule. Nilipomwambia tajiri, hakukasirika.

"Nenda salama. Mbuzi watarudi kwangu. Watu wakikuuliza, waambie maziwa yangu yalikuchoma koo."

Mke wangu naye ananikumbusha kitinda mimba wetu, aliyedhoofishwa na ukame hata akashindwa kutembea, na kwamba ni maziwa hayo yaliyomsimamisha. "Baba Halima," akaniuliza huku akikamua, "heshima yako tutaikamua asubuhi?"

Shule inangoja neno langu, na tajiri anajua kwamba sijalitoa.

Nishaurini, ndugu wasomaji. Nikiwarudisha mbuzi wote watatu, nitakuwa nimejikomboa, au nitakuwa nimewanyang'anya wanangu maziwa ili mimi nihesabiwe mtu?