Mafuta ya Kukaangia kwenye Beringi

Spidi alikuwa fundi viatu asiye na miguu, na kabla hujafungua mdomo, utani huo alishautoa mwenyewe mpaka ukachakaa. Miguu ilibaki kiwandani, kwenye mashine, miaka kumi na moja iliyopita. Tangu hapo alitembelea kibao cha magurudumu manne, vile ambavyo vijana husimama juu yavyo wakateleza barabarani. Yeye alikikalia, akasukuma lami kwa mikono iliyovaa kandambili.

Kila gurudumu lina beringi mbili, jumla nane, na zikiziba, mabega ndiyo yanayoipata. Basi kila wiki alizivua, akabandua vifuniko kwa ncha ya sindano, akaziosha kwa petroli, akazikausha, kisha akatia tone la mafuta ya cherehani. Tone moja! Ukitia mawili anakukunjia uso.

Jumamosi hiyo binti wa pekee wa Spidi na mkewe alikuwa anahitimu uuguzi, saa nane mchana. Spidi alikuwa ameapa kuingia ukumbini kwa magurudumu yake. Binti alipomaliza sekondari, wanaume wawili wasiomjua Spidi walimbeba baba huyo wakamtua kitini kama gunia, na fedheha ile haikumtoka. Sasa asubuhi anasukuma kibao, hakiendi.

"Nani kagusa beringi zangu?"

"Mimi," mkewe akajibu. Alikuwa ametoka kufagia ofisi za watu tangu alfajiri, viatu hata hajavua. "Zilikuwa zinalia, nikazitia mafuta juzi."

"Mafuta gani?"

"Ya kukaangia."

"Lo! Unakaanga beringi, mama? Hayo yananata! Yamekusanya vumbi la mtaa mzima!"

"Nikuonee huruma, halafu unifokee? Haya, nifokee."

Spidi hakuwa na nguvu ya ugomvi. Akamimina petroli kwenye kopo, akaanza kazi. Uchafu ulitoka mweusi, umegandamana na nywele na nyuzi za viatu. Alisugua kwa mswaki wa zamani, akatikisa kopo, akamwaga, akarudia. Vidole vikawaka moto. Kufika saa sita, beringi saba zilikuwa zinazunguka vizuri. Ya nane ilimvunjikia mkononi, gololi zikatawanyika sakafuni hadi uvunguni mwa kabati.

Mkewe, aliyekwisha kuvaa gauni lake la sherehe, akalala kifudifudi kuziokota.

"Utotoni tulichezea hizi," akasema kutoka huko chini.

"Cheza basi, si tuna muda," akasema Spidi, wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Ringi yenyewe ilikuwa imepasuka; gololi hazikuwa na pa kurudi. Gurudumu moja la nyuma likafungwa kwa beringi moja tu, wakaondoka.

Likavumilia karibu safari yote. Kwenye kona ya mwisho, ukumbi unaonekana kabisa, likapinda, likagoma. Spidi akajikaza kisabuni, akaliburuta hatua ishirini, thelathini. Mabega yakakataa. Ilikuwa saa nane na robo na makofi yalisikika mpaka barabarani.

Mkewe akachuchumaa mbele yake, akampa mgongo. "Panda."

"Nimeapa."

"Umeapa wewe. Leo siku ya mtoto. Nami sina nguvu ya kukubembeleza."

"Watu wataniona."

"Wakuone."

Spidi akasukuma tena, kibao hakikusogea. "Nimechoka, mke wangu," akasema. Miaka kumi na moja hakuwahi kumtamkia neno hilo.

"Najua. Na mimi nimechoka. Panda."

Akapanda shingo upande, kibao kwapani. Mama wa watu akainuka akiguna, akayumba, akashika njia. Walipoingia mlangoni walikuwa hoi bin taabani wote wawili, na binti alikuwa ndiyo kwanza anaitwa.

Kwenye kila mkutano Spidi aliona viuno na migongo ya watu. Sasa aliliona jukwaa lote, juu ya vichwa vyote. Alimwona mwanawe akipokea cheti, akigeukia ukumbi, macho yakimtafuta baba yake chini, kwenye njia kati ya viti, yakipita, yakirudi, uso ukianza kunyong'onyea.

"Huku juu!" Spidi akapiga kelele, kandambili ikiwa hewani. "Mwanangu, niko huku juu!"