Koti la Nyani

Sauti ile ilipanda kutoka bondeni wakati Mama anamimina uji wa futari, na upawa ukamponyoka mkononi. Ilikuwa Ramadhani, siku chache kabla ya Idi. Nyumba yetu ilikuwa Gatsata, mjini Kigali, ukingoni mwa kilima juu ya kituo cha mabasi cha Nyabugogo, na tulikuwa tumezoea kelele zote za chini: honi za mabasi, nyundo za mafundi magari, redio za maduka zikishindana. Hii haikuwa mojawapo. Ilianza chini chini kama mtu mzima anayekoroma, ikapanda mpaka nikaihisi kifuani. Mdogo wangu Shabani, mwenye miaka mitano, aliingia chini ya meza na tende yake mkononi. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilijiona mkubwa, lakini jioni ile nilijikojolea kidogo, na hadi leo sijapata kumwambia mtu. Baba peke yake ndiye aliyecheka. Alisema ni simba wa sarakasi, wamefika mchana, wamesimamisha hema kwenye uwanja wa vumbi kule chini, na simba mwenyewe ni mzee, hana hata meno ya kutosha. Maneno hayo hayakunisaidia. Simba asiye na meno alinitisha zaidi, maana niliona atanila polepole.

Kuanzia siku ile Shabani hakuwa na habari nyingine. Aliogopa na alitaka kwenda, vyote kwa pamoja. Baba alikuwa amemwahidi kwamba akifunga siku tatu hadi adhuhuri, Idi ikifika atampeleka popote anapotaka. Shabani alifunga, midomo ikamkauka hadi ikapasuka, akamaliza, akataja sarakasi. Mama akasema haiwezekani. Mama hakuwa mwoga wa wanyama. Nyoka akiingia uani yeye ndiye aliyeitwa. Alichoogopa ni mahali penye watu wengi na mlango mmoja. Msikitini alisali karibu na mlango. Harusini alikaa nje pamoja na wapishi. Kabla sijazaliwa aliwahi kufungiwa mahali pamoja na watu wengi, na wengi wao hawakutoka. Hayo tu ndiyo tuliyoambiwa, na katika mji wetu mtoto alijifunza mapema kutouliza zaidi. Basi Mama alishuka mwenyewe hadi uwanjani, akalizunguka lile hema, akarudi kwa Baba aliyekuwa anashona.

"Iko mlango moja tu, Baba Asha. Moja. Watu wakikimbia, watoto yangu watapita wapi?"

"Nani atakimbia? Watu wanaenda kule kucheka. Hatuwezi kufungia watoto mu nyumba maisha yote kwa sababu ya yale."

"Wewe hukuwa mule," Mama alisema, na cherehani ikanyamaza.

Wazazi wangu waliamua mambo yao yote namna hiyo, Mama akiwa amesimama mlangoni, Baba akiwa kwenye cherehani. Sisi watoto tulikaa chumba cha pili tukisikiliza sindano. Ikikimbia, Baba bado ana hoja. Ikisimama, hoja zimemwishia. Jioni ile ilisimama muda mrefu, nami nikashusha pumzi, nikajua hatuendi. Kisha ikaanza tena, taratibu.

Baba alikuwa fundi nguo, mjukuu wa mtu aliyefika Kigali na marobota ya vitambaa kutoka pwani, na watu walimwita Fundi Hamisi. Siku za mwisho za Ramadhani hakuwa na nafasi hata ya kujikuna, maana nusu ya watoto wa Kiislamu wa kilima chetu walisubiri kanzu na magauni kutoka kwake. Kesho yake akaja mtu wa sarakasi, mfupi, amevaa kofia ya ngozi, akasema anataka koti la nyani kabla ya onyesho la Idi. Mtu mwenye akili angekataa. Baba alichukua futi yake akaniita, kwa sababu kwenye kupima mimi ndiye niliyekuwa karani wake. Yeye alitaja namba, mimi niliandika. Daftari lilikuwa na pande mbili: mbele watu wazima, nyuma watoto. Hilo halikuwa jambo dogo, maana kila kipimo kilichoandikwa upande wa watoto Baba alikiongeza vidole viwili wakati wa kukata, begani, kifuani, mikononi, ili nguo ya Idi hii ifike Idi ijayo. Vidole hivyo aliviita nafasi ya kukua. Hakuna mtoto wa Gatsata aliyewahi kuvaa nguo ya Idi iliyomkaa.

Uwanjani kulinuka mkojo, nyasi zilizooza na kitu kingine kizito ambacho Baba alisema ni simba mwenyewe. Nilipita mbali na tundu lake la vyuma, nikiwa nimeshika shati la Baba. Nyani alikuwa amefungwa kwenye gurudumu la lori. Nilitegemea dubwana, nikaona kitu kidogo, kifupi kuliko mimi, kimekaa kikichambua jani. Shingoni hakuwa na manyoya. Ukanda wa ngozi ulikuwa umemchubua pande zote mpaka nyama nyekundu ikaonekana, na nzi walikuwa wameijua njia. Yule mtu wa kofia ya ngozi, ambaye ndiye mwenye nyani, alieleza bila aibu kwamba ndiyo maana anataka koti: kola iwe ndefu ifunike shingo, watu wasione, na mgongoni ishonwe pete ya chuma ya kufungia kamba, kwa kuwa ukanda hauvaliki tena.

"Usiogope, fundi," alisema. "Iko mpole. Pima tu."

Baba akaivuta futi kutoka shingoni kwake, kwa ule mkono wa haraka alioivuta nao kila siku, ikapasua hewa kidogo. Nyani akaanguka chini. Hakunguruma, hakuonyesha meno. Alijikunja, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili, akatetemeka. Baba alibaki na futi hewani. Mimi nilishikwa na hofu ambayo simba hakuwa amenipa, kwa sababu mkao ule niliujua. Darasani kwetu tulijikunja hivyo hivyo mwalimu akiinua fimbo. Baba aliikunja futi yote kiganjani, akachuchumaa, akasubiri, kisha akapima kwa shubiri zake, kidogo kidogo, akinong'ona namba. Daftari langu halikuwa na upande wa wanyama. Nilitaka tu tumalize tuondoke. Niliandika upande wa watoto.

Nilidhani Baba akishayaona yale atakuwa upande wa Mama. Tuliporudi, shingo ya nyani hakuitaja kwa Mama. Lakini alikuwa ametoa ahadi kwa mtoto aliyefunga, na kwake hilo lilikuwa zito. Mwishowe aliyelegea ni Mama, siku moja alipokuwa akimpaka Shabani mafuta ya mgando midomoni. Alitoa masharti. Tukae benchi la karibu kabisa na mlango. Mimi nimshike Shabani mkono tangu tunaingia mpaka tunatoka, nisimwachie hata nikiwashwa pua. Yeye haingii, atasimama nje. Nilisema ndiyo, Mama. Moyoni nilikuwa namwomba akatae. Watu wazima hudhani mtoto hungoja kuruhusiwa tu, hawajui kwamba mara nyingine mtoto hungoja kukatazwa na anaona haya kusema.

Siku ya Idi hema lilijaa mpaka watoto wakapakatwa. Kulikuwa na joto, vumbi la maranda, ngoma iliyopigwa na mtu asiyejua ngoma. Simba alizungushwa ndani ya tundu lake, akapiga miayo, watu wakapiga kelele, nami nikafumba macho. Kisha akaletwa nyani na baiskeli ndogo. Koti lilikuwa jekundu, la mahameli, na utepe wa dhahabu, kazi nzuri kuliko kanzu zetu zote, na Baba alijinyoosha kidogo kwenye benchi. Nikaliangalia vizuri. Mikono ilimfika kwenye vidole. Mabega yalishuka. Lilikuwa na nafasi ya kukua. Nikaona kamba imefungwa kwenye ile pete ya koti tu, nikamgeukia Baba kumwambia, na papo hapo mwenye nyani akainua fimbo.

Nyani alijikunja kama siku ile, akainua mikono kufunika kichwa, na koti likapanda, likamvuka kichwani, likabaki likining'inia kwenye kamba. Alikuwa huru katikati ya hema. Kwa muda wa pumzi moja hakuna aliyesogea, si yeye, si sisi. Halafu mwanamke mmoja akapiga yowe, na watu wote wakakimbilia mlango mmoja.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka viwiko, benchi likivunjika, mtu akikanyaga mguu wangu na kuita jina la mwanawe. Nilikuwa nimemshika Shabani, nilikuwa na hakika kabisa nimemshika, lakini nilichokuwa nimekishika ni kanzu yake mpya, ile mikono mirefu iliyomzidi vidole. Watu walinisukuma, kitambaa kikanichomoka, na nikatolewa nje na msongamano bila miguu yangu kugusa chini. Nikajikuta kwenye jua, mikono mitupu, mbele ya Mama. Aliiangalia ile mikono yangu, akainua nguo yake magotini, akaingia. Watu walikuwa wanatoka kama maji na Mama aliingia akiwapasua, yeye ambaye hata harusini alikaa nje. Nilimfuata nikilia, nikiwa nimeshika kanga yake, nikiwa na hakika kwamba mdogo wangu amekufa na nimemuua mimi.

Ndani vumbi lilikuwa limeanza kutua. Shabani alikuwa chini ya mabenchi ya nyuma, amejikunja, mikono kichwani, anatetemeka. Hatua tatu kutoka kwake, chini ya mabenchi hayo hayo, alikuwepo nyani, amejikunja, mikono kichwani, anatetemeka. Mama alisimama akawaangalia wote wawili. Sijui aliona nini, ila uso wake sikuwahi kuuona vile kabla wala baada. Alimchukua Shabani. Baba, ambaye naye alikuwa amesukumwa nje kwa mlango uleule, alituvuka mbio kuelekea kwa yule mtu mwenye fimbo, akasimama kati yake na nyani, akasema, "Si huyu. Kosa ni ya mkono yangu, mimi fundi." Yule mtu alimtukana, lakini fimbo aliishusha, kwa siku ile. Mzee mmoja alivunjika mkono, na viatu vya watoto vilizagaa uwanjani hadi jioni. Kesho yake hema halikuwepo. Koti, ambalo Baba alikuwa ameliokota hemani, lilibaki kwetu, hakuna aliyelifuata.

Wazazi wangu hawakulaumiana, au walilaumiana tukiwa hatupo. Baba alikubali lawama za kilima kizima. Mimi sikumwambia mtu nilikoandika vile vipimo. Niliuweka moyoni ule ukurasa wa daftari kwa miaka zaidi ya ishirini, nikasoma, nikaolewa, nikahamia Remera karibu na Gisimenti, upande wa pili wa mji, nikapata mtoto wangu Karimu, ambaye sasa ana miaka mitano, na bado mtu akivuta mkanda wa suruali haraka mimi hushtuka.

Mwezi uliopita Karimu alileta karatasi ya shule: safari ya kwenda kuona sarakasi ya wanyama, mzazi atie saini. Mume wangu, aliyekulia Uganda na hakuwahi kuona hema la Nyabugogo, aliona hakuna la kujadili. "Siku hizi milango iko mingi, Asha. Darasa lote linaenda. Utamfanya mtoto awe mwoga kama wewe." Alikuwa anasema maneno ya Baba, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kama Mama. Karatasi ilikaa kwenye mkoba wangu wiki nzima.

Jumapili tulikwenda Gatsata kuwaamkia wazazi. Tukiwa tunakunywa chai, Karimu akatoka chumbani kwa babu yake amevaa koti jekundu la mahameli alilolikuta sandukuni. Katika kumbukumbu yangu nyani yule alikuwa akikua mwaka hadi mwaka, mpaka akawa mkubwa kama mlango. Sasa koti lake lilikuwa mbele yangu, na lilimtosha mwanangu. Ndani ya kola kulikuwa na doa la kahawia la damu ya zamani lililoshika kitambaa.

Ndipo nikasema, mbele ya wote, kwamba kosa lilikuwa langu, niliandika upande wa watoto.

Baba alimvuta Karimu, akaingiza vidole viwili kati ya kola na shingo yake, kama alivyofanya kwa watoto wote wa Gatsata.

"Nilijua," alisema. "Niliona umeandika pale. Nikasema huyu mtoto wangu iko sawa, yule nyani ni mtoto. Ile shingo yake ilitaka nafasi. Kamba sikuifikiria hata kidogo."

Mama alimvua Karimu lile koti, akalikunja, doa likiwa ndani. Mume wangu aliliangalia mpaka likaingia sandukuni. Kisha akanyoosha mkono, nikampa karatasi ya shule, akaandika mwenyewe kwamba mtoto hatakwenda. Siku hizi milango ni mingi, hilo ni kweli, na kama ingekuwa suala la milango tu, huenda mimi ningetia saini. Karimu alilia kutoka Gatsata mpaka Nyabugogo. Pale kituoni watu walisukumana, nami nilimshika vidole vyote vitano, nikatazama chini mara mbili kuhakikisha kwamba ni vidole na si nguo.