Zebaki Jikoni kwa Namuria

Namuria hakaangi kitu. Majirani zake wa Lodwar humtania kwamba ni mchoyo wa mafuta, naye hucheka nao kisha akarudi kwenye vikapu vyake vya mkoma. Kikaango chake alikizika mwenyewe kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, miaka mitatu iliyopita, siku mhudumu wa afya alipowaambia wanawake waliowahi kuchimba dhahabu kwamba moshi wa zebaki ni sumu, na mtoto mdogo huumia kuliko mtu mzima.

Naye alikuwa ameichoma jikoni miaka minne mizima. Zebaki inashikana na dhahabu, unaweka kikaangoni juu ya moto, moshi unakwenda zake, dhahabu inabaki. Baadaye kikaango hicho hicho kinakaanga samaki. Binti yake Akal alikuwa akitambaa hapo hapo miguuni.

Sasa Akal ana miaka kumi na sita na mikono yake inatetemeka. Mwaka jana ukoo ulisema ni kinyongo cha marehemu babu yake, mbuzi akachinjwa. Namuria alijua, akala nyama, akanyamaza. Ulikuwa woga, tusimpambe. Tangu hapo hapati raha: akiona tone la maji liking'aa sakafuni, moyo unamlipuka.

Likizo iliyopita Akal alirudi kutoka shuleni Kakuma, mdomo hautulii.

"Mama, mwalimu Malual ametufundisha zebaki!"

Jani la mkoma likamponyoka Namuria.

"Ni chuma ya maji-maji, na pia ni sayari, ile ndogo karibu na jua. Watu wa zamani walipea kila chuma sayari yake. Dhahabu walipea jua. Hii inakimbia, na sayari yake inakimbia, ndiyo Wazungu wakaita zote jina moja, la mungu wa Warumi wa kupeleka habari. Hii jina yetu ilitoka Uarabuni. Sayari wengine wanaita Utaridi. Kuja nikuonyeshe!"

Jua lilikuwa limetua punde tu. Akal akanyoosha kidole magharibi, kikatetemeka huku na huku, na Namuria akatazama anga lote asijue anaonyeshwa wapi.

"Pole, mama," Akal akasema, akiukamata mkono wake kwa ule mwingine. "Ni babu huyo."

Namuria akaona hawezi tena.

"Si babu. Ni mimi. Nilichoma hiyo zebaki ndani ya nyumba, wewe ukiwa mdogo. Moshi yake ndiyo imekushika mikono. Nilijua, nikaogopa kukuambia."

Akal alikaa chini. Namuria akangoja atukanwe.

"Mama, kuna kitu nakumbuka. Nyeupe, inakimbia kwa sahani. Nagusa, inagawanyika, nacheka. Hakuna kitu nakumbuka kabla ya hiyo. Ndiyo zebaki?"

"Ndiyo," Namuria akasema. "Nilikuwa nakupa ucheze, ndiyo usilie."