Matundu Matatu na Barua ya Posa

Daktari aliniuliza mara ya mwisho niliingia lini kwenye siku zangu, nami nikamtajia tarehe bila kusita. Shangazi alikuwa amekaa pembeni yangu, mkoba mapajani, akatikisa kichwa kukubali. Daktari akatazama majibu ya ultrasaundi, akanitazama mimi, kisha akamwomba shangazi akaninunulie maji ya kunywa. Alipotoka, nikasema kweli kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka ishirini na sita: sijawahi kupata hedhi.

Uongo ule nilikuwa nao tangu kidato cha pili. Kwetu, katika vijiji vinavyozunguka misheni, nje kidogo ya Njombe, msichana akivunja ungo alikabidhiwa kwa shangazi yake. Alikaa ndani siku kadhaa akifundwa, halafu akatolewa na khanga mpya, kuku akachinjwa. Binamu zangu wawili walishatolewa. Mimi nilibaki nikichota maji na watoto wadogo, na kwa urefu wangu nilionekana kituko. Siku moja nikamwambia shangazi kwamba tayari. Alifurahi mno. Yeye hakujaliwa mtoto, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwake.

Baada ya hapo kila mwezi nilifua vitambaa visivyo na doa na kuvianika nyuma ya bafu, mahali atakapoviona. Njombe nguo hazikauki upesi, kwa hiyo ushahidi wangu ulikaa kambani siku mbili tatu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka kumi, na ningeendelea kama tumbo lisingeanza kuuma.

Vipimo vya damu vilipelekwa Dar es Salaam. Majibu yaliporudi, daktari aliniita peke yangu.

"Wewe ni mwanamke," alisema. "Umezaliwa hivyo, umekua hivyo, na hakuna anayekuondolea hilo. Ila ndani huna kizazi. Pale ambapo pangekuwa na ovari kuna korodani mbili ndogo ambazo hazikushuka. Zinatoa homoni ambayo mwili wako hauisikii."

Alisema zikiachwa miaka mingi zinaweza kugeuka uvimbe mbaya. Naweza kuziacha zikawa zinaangaliwa, au zikatolewa nikaanza kumeza vidonge vya homoni. Uamuzi ni wangu. Mwezi unaofuata walikuwa wanakuja madaktari bingwa wenye kamera ya kuingiza tumboni. Hawapasui, wanatoboa matundu matatu tu. Akanyamaza ili nilie. Mimi nilikuwa nawaza chapati. Nilimuuliza kama naruhusiwa kula kabla ya kurudi nyumbani.

Shangazi nilimwambia ni uvimbe.

Mtu mmoja nilimwambia yote. Nilikuwa nafanya kazi Makambako, kwenye ghala la kufungasha parachichi, nachambua matunda kwa ukubwa. Yeye alikuwa fundi wa vyumba vya baridi hapo hapo. Mshenga wake alishaleta barua ya posa, shangazi akaiweka kabatini hadi nitakapopona, maana kwetu ni shangazi anayeijibu. Saa ya chakula tukakaa juu ya makreti, nikamweleza kwa sentensi nilizokuwa nimezifanyia mazoezi. Aliacha kutafuna.

"Utaumia sana?" aliuliza.

"Kidogo."

"Sawa," alisema. Kisha akaongeza, "Watoto wapo wengi duniani. Tutapata wa kulea."

Najua mtu angefurahi hapo. Mimi niliona tu kwamba muda wa mapumziko umekwisha, nikavaa glavu.

Upasuaji siukumbuki. Nilipozinduka tumbo halikuuma sana, bega ndilo lililouma, na nilidhani wamekosea mahali. Nesi akacheka. "Ni hewa waliyokujaza tumboni ili waone vizuri. Itatoka yenyewe." Nilitazama chini ya shuka. Tundu moja kitovuni na mawili pembeni, kila moja upana wa punje ya hindi.

Nilirudi kujiuguza nyumbani kwa shangazi. Akina mama wa jumuiya walikuja kuniona na uji, wakasali, kisha wakataka kuona mshono, kwa sababu mgonjwa wa upasuaji bila mshono ni nani huyo? Nikawaonyesha. Mmoja alisema hata kiroboto wa kwake anaacha alama kubwa kuliko hiyo, wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Siku ya tatu shangazi alikuwa ananibadilishia plasta, akauliza uvimbe ulikuwa na ukubwa gani. Sijui kwa nini nilichoka wakati ule hasa. Nilimweleza yote: korodani, kizazi ambacho hakipo, na vile vitambaa. Mikono yake haikusimama. Alibandika plasta ya mwisho, akailainisha kwa kidole gumba, akasema, "Haya." Akabeba beseni akatoka. Wiki nzima alinipikia uji wa ulezi, hakuuliza neno. Nikadhani yamekwisha.

Jumatatu alivaa gauni lake la misa, akasema anakwenda Makambako. Sikumuuliza anafuata nini. Mchana nililala kwa dawa. Jioni alirudi, akakaa bila kuvua koti.

"Nimeirudisha ile barua," alisema. "Baba wa kijana ameichana mbele yangu. Amekasirika, ana haki."

Nilijiinua nikakaa.

"Mimi niliolewa Ludewa, unajua. Miaka minne sikuzaa, wakanirudisha. Walinipandisha lori la viazi na godoro langu mwenyewe, na watu wote sokoni wakaliona. Afadhali barua irudi, mwanangu, kuliko wewe."

"Shangazi, yeye anajua."

"Anajua nini?"

"Yote. Nilimwambia kabla sijalazwa."

"Akasemaje?"

"Alisema sawa."

"Alisema sawa," alirudia. "Halafu?"

"Halafu akasema tutalea."

Hapo shangazi akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata msibani. Alilia bila kujifunika uso, akasema kwamba miaka minne yote kule Ludewa hakuna hata mmoja aliyemwambia neno hilo, na leo mtu amelisema kwa mtoto wake, yeye amekwenda kulirudisha kwa mkono wake. Nilijua nampenda na nilijua nimemponza kwa kumficha. Niliyajua kichwani tu. Kifuani palikuwa kimya.

Simu yangu ikaita juu ya meza. Ilikuwa imeita mara nne nilipokuwa nimelala. Shangazi aliangalia kioo, hakuhitaji kuuliza ni nani. Akaisukuma upande wangu.

"Pokea," alisema. "Mwambie ni mimi niliyekosa."