Mtafiti wa Funza wa Msangano

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni Tunduma, nikichagua maharage. Mdogo wake alinipigia simu, akaniuliza niko wapi, na kabla sijamjibu akaanza kulia. "Kaka, daktari wetu ametutoka asubuhi hii." Nilijua anaugua figo, na kwamba tangu masika hakuwa akitoka nyumbani kwao Mbozi, kwenye mibuni ya baba yake. Hata hivyo niliondoka bila maharage, nikamwacha muuzaji kashika mfuko. Msomaji wangu, jina lake sitalitaja, maana mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Alikuwa mtafiti wa magonjwa ya ngozi yaletwayo na wadudu, na sehemu kubwa ya maisha yake aliwapa wagonjwa wa funza, yule mdudu mdogo anayejichimbia kwenye nyayo na kuvimba humo na mayai yake, mpaka mtu ashindwe kukanyaga chini.

Tulifahamiana kwa sababu ya lugha. Yeye alikuwa Mnyiha, na utafiti wake ulikuwa Msangano, wilayani Momba, kwetu sisi Wanamwanga, kwa hiyo alihitaji mtu wa kumfasiria maneno ya wazee. Katika nyumba moja tulimtafuta mama mjane tuliyeambiwa ana hali mbaya. Mwanawe alitupokea vizuri, akasema mama amesafiri kwenda kwa ndugu zake ng'ambo, Zambia. Daktari hakubishana naye. Aliomba maji ya kunywa, akaketi. Tukiwa tunakunywa, sauti ikatoka jikoni, kwa Kinamwanga: "Mwambieni sijasafiri. Niko hapa." Yule mwana akainamisha kichwa. Tulimkuta mama ameketi kando ya mafiga, nyayo zimejaa vidonda. Zilikuwa zimechokolewa kwa pini iliyokuwa ikipita nyumba hadi nyumba, kisha zikapakwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kanisani aliacha kwenda baada ya watu kuanza kuhama benchi alilokalia. Daktari alipiga magoti, akaupakata mguu wake. Mama akauvuta. "Mwanangu, utachafuka." Daktari akamjibu, "Mama, nimeufuata mguu huu huu." Hapo yule mama akalia, na mimi sikuwa na la kufasiri.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi: mguu mmoja uliwekewa matone ya mafuta mepesi yanayomziba funza pumzi, na mwingine ulioshwa kwa ile dawa ya zambarau iliyozoeleka, ili ionekane ipi inaponya zaidi. Mama alielezwa, akakubali. Haukupita muda mrefu, mguu wa mafuta ukaanza kukauka. Akatunyooshea ule mwingine. "Na huu ni wa nani?" Nilifasiri huku nikicheka. Daktari hakucheka. "Ni wako, mama. Lakini nikiubadilishia dawa leo, sitaweza kuwaonyesha wakubwa kwamba mafuta ndiyo yaliyokuponya. Nivumilie mpaka tumalize. Ukishindwa, sema, tutaacha hapo hapo." Mama alifikiri. "Nitavumilia. Ila usichelewe." Njiani kurudi, daktari aliomba gari lisimame, akashuka, akakaa kwenye nyasi. "Nimemwomba mgonjwa aendelee kuumwa, kaka," aliniambia. "Darasani hawakutuambia kwamba inauma hivi." Jaribio lilipokwisha, nyumba ya kwanza kufikiwa na mafuta ya miguu yote ilikuwa ile, na mama akarudi kanisani akitembea mwenyewe.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mafuta yale yalikuwa ya utafiti, na utafiti ulipokwisha nayo yakaisha. Zahanati haikuwa nayo, na sakafu zilibaki za vumbi, ambamo funza huzaliana. Kiangazi kilichofuata funza walirudi. Tulipokwenda kumwona yule mama, hakutulaumu. Alisema tu, "Uliniambia nivumilie. Nilivumilia." Daktari alimshika mikono. Tangu siku hiyo alibadilika. Alinunua mafuta kila alipoweza, akawafundisha watu kusiriba sakafu kwa udongo, akazunguka ofisi moja hadi nyingine akiomba dawa ile iwekwe zahanati. Mara nyingi jibu lilikuwa la upole: "Daktari, ugonjwa huu hauui. Tuanze na yanayoua." Kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tulimwachia kidole chake kimoja mpaka kikachoka. Mara ya mwisho nilipomtembelea, amejifunga blanketi, sauti imepungua, tulizungumza habari hiyo. "Ni kweli ugonjwa wa funza hauui," alisema. "Unamwacha mtu hai, ila unamtoa katika watu."

Tumemzika Mbozi, mvua ikinyesha. Mchungaji aliisifu elimu yake, na alistahili sifa hizo. Mimi nilikuwa nawaza nyumba za Momba ambako leo hii wageni wanaambiwa mama amesafiri. Siku hizi tunazungumza sana juu ya utafiti, na ni vizuri. Nchi isiyotafiti hupona kwa bahati. Ila utafiti hauishi siku majibu yanapoandikwa. Unaisha siku dawa inapokaa kwenye kabati la zahanati ya kijiji kile kile kilichoombwa kuvumilia. Anayeutoa mwili wake ili wengine wapone asiwe wa mwisho kupona. Hilo ndilo aliloondoka nalo moyoni, halijatimia, na sasa limebaki kwetu sisi tulio hai.