Miaka Minne Nikifagia Ulingo wa Sumo

Kazi yangu ilianza Jumanne ya muhula wa pili, saa nane na dakika ishirini mchana, nikiwa kidato cha kwanza. Saa naikumbuka kwa sababu kengele ya michezo ilikuwa imelia na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya maabara, nikiomba nisichaguliwe kwa timu yoyote. Sipendi kuangaliwa. Mwalimu wa Michezo alinipata hapo.

"Wewe, hupendi kucheza?"

Nikatikisa kichwa.

"Na jembe unaweza kushika?"

Jembe naweza. Kwetu Karurumo nani hawezi?

Hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi. Sasa nimestaafu, maana watahiniwa hawaruhusiwi michezo baada ya muhula wa pili wa kidato cha nne. Ninakuandikia wewe utakayeshika ufagio baada yangu, kwa sababu kukuambia kwa mdomo sitaweza.

Mwalimu alikuwa ametoka mafunzo ya mieleka ya sumo na daftari limejaa vipimo. Mkubwa wangu wa karibu alikuwa Mtunza Uwanja, Mzee Ireri, aliyejenga nyumba nyingi lakini sumo hakuwa ameiona.

"Sasa hawa wasichana watafanya nini hapa juu?"

"Watasukumana, mzee," Mwalimu akamjibu. "Anayekanyaga nje ya duara ameshindwa. Anayegusa chini na kitu kingine isipokuwa nyayo, pia ameshindwa."

"Basi ni kama ng'ombe wangu kwa mlango wa zizi."

Ulingo wa sumo ni jukwaa la udongo ulioshindiliwa. Tulianza na udongo mwekundu wa upande wa kahawa. Wiki moja ya jua, ukapasuka nyufa za kuingiza kalamu. Mzee alicheka, akatupeleka kuchimba kichuguu cha mchwa nyuma ya jikoni, udongo ule ule ambao nyanya zetu walipaka sakafu. Tulishindilia kwa gogo hadi mikono ikatoka malengelenge, tukapata jukwaa la kimo cha goti. Halijapasuka mpaka leo.

Duara lina upana wa mita nne na sentimita hamsini na tano. Tulipigilia kigingi katikati, tukafunga kamba ya nusu ya upana huo, tukazunguka.

"Mita mbili, sentimita ishirini na saba na nusu," Mwalimu akasoma.

"Hiyo nusu ni ya nini?" akauliza Mzee.

"Imeandikwa, mzee."

"Haya. Nusu iwekwe."

Kwenye mstari huo huzikwa marobota ya majani ya mpunga yenye udongo ndani. Sisi tulikata magunia ya kahawa, tukayashona membamba, tukayajaza na kuyazika, yakabaki yamechomoza kidogo tu, ili mguu uyahisi bila macho kuangalia chini. Marobota manne, moja kila upande, husukumwa nje kidogo. Zamani maji ya mvua yalitolewa kupitia hapo. Mzee aliyapenda hayo kuliko yote. Katikati tulichora kwa chokaa mistari miwili myeupe, ambapo wapiganaji huanzia.

Nje ya marobota kuna mchanga laini, na huo ndio uliokuwa kazi yangu. Hufagiwa kabla ya kila pigano. Refa akiwa na shaka kama mguu ulitoka, anaangalia mchanga.

Niliipenda kazi hiyo. Watu huangalia wanaopigana, hakuna anayeangalia mfagiaji.

Halafu ikaja fainali ya mkoa, hapa kwetu. Wanja wetu wa kidato cha tatu dhidi ya msichana kutoka Githongo, na mshindi aende Nairobi. Wanja alisukumwa hadi ukingoni. Akajipinda, akamtupa yule msichana chini, shule nzima ikalipuka. Refa akanyoosha mkono upande wa Wanja.

Mimi nilikuwa nimeona kisigino. Kiligusa mchanga kabla hajamtupa, kikaacha alama kama kijiko kwenye uji mzito. Na mikono yangu ikafagia. Sikuwa nimepanga. Nyumbani ukifagia kiwanja halafu mtu akanyage, unapitisha ufagio tena, hata hufikirii.

Mwalimu wa Githongo akainua mkono. "Waamuzi waangalie mchanga!"

Wakaja, wakainama. Mchanga ulikuwa safi kabisa.

"Nani amefagia?" Mwamuzi Mkuu akauliza.

Watu wote wakaniangalia. Miguu yangu ilitaka kurudi nyuma ya maabara.

"Mimi."

"Sauti!"

"Mimi. Kulikuwa na alama ya kisigino. Cha Wanja. Kabla amtupe."

Ushindi ukapewa Githongo. Wanja alishuka bila kuniangalia. Bwenini wakaniambia, "Aki wewe! Miaka minne hujawahi kuongea, na leo ndiyo umechagua?" Mwalimu alisema tu, "Umeharibu, na umetengeneza." Nililia ndani ya blanketi.

Kwa hivyo wewe mpya, nisikilize. Pigano likiisha, shika ufagio nyuma ya mgongo mpaka refa ateremke. Mengine Mzee atakufundisha.

Asubuhi iliyofuata fainali nilienda kumrudishia Mzee ufagio. Nikamkuta Wanja ameketi ukingoni mwa ulingo, macho yamevimba kama yangu.

"Fagia," akasema.

Nikafagia.

"Sasa panda hapa unisukume. Mwaka ujao sitaki kutoka na kisigino."

Sikuwa nimewahi kupanda pale bila jembe au ufagio. Nilimsukuma kwa nguvu zangu zote. Akarudi nyuma, mguu ukapita robota. Alama. Nikafagia. Tena, alama. Mara ya sita mguu ulihisi gunia, ukasimama, mimi nikabaki nasukuma kama ng'ombe wa Mzee.

Wanja hakugeuka kuangalia nyuma.

"Mchanga?" akauliza.

"Uko safi," nikasema.

Akatabasamu, akaenda kuoga.